MSHAURI NI MGENI, KIKUNDI NDICHO MWENYEJI
Raha na taabu za kazi ya kushauri vikundi juu ya fedha

Lengo la somo: Baada ya somo hili wanakikundi wataweza kueleza kazi ya mshauri wa fedha ni ipi na si ipi, kulinganisha aina mbili za riba, na kuandika kanuni zao wenyewe za kumtumia mshauri bila kumtegemea.
Muda: Mikutano miwili, kila mmoja saa moja na nusu.
Vifaa: Daftari la kikundi, kalamu, na punje za mahindi au maharagwe za kuhesabia.
Masomo ya Biblia: Mithali 15:22, Mithali 18:17, Luka 14:28-30.

UTANGULIZI



Katika masomo yaliyopita tumezungumza juu ya katiba ya kikundi, kazi ya katibu, na jinsi ya kuendesha mkutano. Safari hii tutazungumza juu yetu wenyewe, sisi wa ofisi ya maendeleo tunaozunguka vijijini kushauri vikundi juu ya akiba na mikopo.

Sababu ni hii. Katika mkutano mmoja huko Makueni, mama mmoja mzee aliinua mkono akasema: "Nyinyi watu wa ofisi, kila siku mnatufundisha mambo ya pesa. Sasa na mimi nina maswali. Hiyo kazi yenu inawaendea namna gani? Nani anawalipa? Na mkikosea, nani analipa?"

Watu walicheka, na sisi tukacheka pia. Lakini tulipokuwa njiani kurudi, hakuna aliyecheka. Maswali mawili ya kwanza ni rahisi. Lile la tatu lilitukaa moyoni, kwa sababu tulikuwa tumewahi kukosea, na tulijua ni nani aliyelipa. Katika somo hili tutamjibu yule mama bila kuficha.

MSHAURI WA FEDHA NI NANI?

Kwanza tukumbuke kwamba kusaidiana si jambo lililoletwa na ofisi. Ukambani wazee wetu waliita mwethya, Wakikuyu waliita ngwatio, Waluo waliita saga. Watu walikusanyika wakalimiana mashamba na kujengeana nyumba kwa zamu. Baadaye pesa zilipoingia katika kila jambo, kina mama wakaanza kuchangiana pesa kwa zamu, wiki hii mmoja anapewa, wiki ijayo mwingine. Hakuna mshauri aliyewafundisha hayo.

Mshauri alikuja pesa zilipoanza kukaa. Mchango wa zamu haukai, unaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Lakini kikundi kikianza kuweka akiba na kukopeshana kwa riba, pesa hukaa sandukuni, na deni hukaa kwa watu. Hapo ndipo daftari linapohitajika, pamoja na kanuni na mtu wa kuonyesha njia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa Kenya kazi hii ilienea sana katika miaka ya 1980 na 1990. K-Rep, kwa mfano, ilianza mwaka wa 1984 kama mradi wa kuyasaidia mashirika yaliyokuwa yakikopesha wafanyabiashara wadogo. Baadaye ilianza kukopesha yenyewe, na mwaka wa 1999 ikawa benki kamili. Huko Niger, Afrika Magharibi, shirika la CARE lilianza mwaka wa 1991 kuwafundisha wanawake wa vijijini kuweka akiba yao wenyewe na kukopeshana wao kwa wao, bila mkopo wa kutoka nje. Vikundi hivyo viliitwa Mata Masu Dubara. Wengi wa wale kina mama hawakujua kusoma, hivyo hesabu ziliwekwa kichwani na kusemwa kwa sauti mbele ya wote. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi za Afrika, na sanduku lenye makufuli matatu ambalo wengi wenu mnalo limetokana nayo.

Basi mshauri ni mtu wa kuonyesha njia. Yeye si mweka hazina wenu, wala katibu wenu, wala si mfadhili. Pia si wakala wa kampuni ya mikopo. Akianza kuwa mojawapo ya hao, ameacha kazi yake. Mtaona hapa chini kwa nini tunasema hivyo.

RAHA ZA KAZI HII

Tuanze na mazuri, maana yapo mengi.

Raha ya kwanza ni siku ya mgao. Kikundi kimeweka akiba mwaka mzima, hisa kwa hisa, na leo sanduku linafunguliwa ili kila mtu apate chake. Tumeona mama akihesabu pesa zake mara tatu, si kwa kuwa haziamini, bali kwa kuwa hajawahi kushika kiasi hicho kikiwa chake. Mmoja alisema, "Mwalimu, hizi sijaomba mtu." Siku kama hiyo unasahau jua na vumbi.

Raha ya pili ni kuona mtu akikua. Tumeona mama ambaye mwaka wa kwanza alijificha nyuma ya wenzake akiulizwa jina, na mwaka wa tatu yeye ndiye mwenyekiti, anamwambia chifu asubiri kidogo kwa sababu ajenda haijafika kwake.

Raha ya tatu ni kujifunza. Sisi tulisoma hesabu vyuoni, lakini ni mkulima wa ndengu aliyetufundisha kwamba mkopo wa mbegu usidaiwe mwezi wa Desemba wakati shamba bado ni la kijani. Adaiwe ndengu zikishavunwa na bei ikishajulikana. Hakuna kitabu kilichotuambia hivyo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi tumekuja kama wageni, na sisi ndio tuliopona.

TAABU ZA KAZI HII

Sasa tuseme na mabaya.

1. Kungojewa kama wafadhili

Mshauri anashuka kwenye pikipiki, na swali la kwanza ni, "Mmetuletea nini?" Akisema ameleta mafunzo, nyuso zinabadilika. Wengine huondoka kabla ya maombi ya kufunga. Hatuwalaumu. Kwa miaka mingi watu wa mashirika wamepita na magari wakigawa vitu, na watu wamezoea. Lakini pesa ya bure ikiingia katika sanduku la akiba, huharibu sanduku. Mtu hulipa kwa bidii pesa ya jirani yake, kwa sababu atakutana naye kisimani. Pesa ya mfadhili huonekana kama mvua, ya kila mtu na si ya mtu.

2. Kupimwa kwa idadi

Mliuliza nani anatulipa. Wengi wa washauri hulipwa na mradi, na mradi hulipwa na wafadhili walio mbali. Mfadhili naye anataka kujua pesa zake zimefanya nini. Kwa hiyo huuliza: vikundi vingapi? Wanachama wangapi? Akiba kiasi gani? Haya ni maswali ya haki. Lakini mshauri akijua kwamba kazi yake itaendelea ikiwa tu ataonyesha vikundi 40, ataunda vikundi 40 hata kama vilivyo tayari ni 15. Atawaharakisha watu wachague viongozi siku ya kwanza, kabla hawajajuana. Atapitisha katiba aliyoinakili kutoka kijiji kingine. Mradi unapofika mwisho, ripoti ni nzuri na vikundi vimekufa. Tumewahi kuharakisha hivyo, na tumewahi kurudi mahali na kukuta jina la kikundi tu limebaki kwenye ubao.

3. Kubeba siri

Mshauri anajua mambo mengi. Anajua nani amekopa kwa ajili ya karo na nani amekopa kwa siri, mumewe hajui. Anajua ni mzee gani wa kanisa aliye na deni la miezi minane. Jumapili anasimama naye mlangoni wanasalimiana. Hawezi kusema neno. Akisema mara moja tu, hakuna atakayemwambia ukweli tena, na mshauri asiyeambiwa ukweli hana la kushauri.

4. Kujaribiwa kwa komisheni

Hili ndilo jambo ambalo halisemwi sana, na ndiyo maana tunalisema. Wakati mmoja mtu wa kampuni fulani ya mikopo alikuja ofisini kwetu. Alikuwa mtu mwenye heshima, akanywa chai nasi. Alisema, "Nyinyi mna vikundi, sisi tuna pesa. Kila mwanachama mtakayemleta achukue mkopo wa 12,000, tutawapa nyinyi shilingi 300." Kikundi kimoja cha watu 25 kingetupatia 7,500. Mwezi huo mishahara yetu ilikuwa imechelewa, na pikipiki mbili zilikuwa zimelala kwa fundi. Tuseme ukweli, tuliitamani ile pesa.

Tulimwomba atuachie karatasi zake, tukakaa chini kupiga hesabu. Nanyi pigeni pamoja nasi.

Karatasi ilisema riba ni asilimia 15 kwa mwaka. Hilo si neno baya kwa kulisikia. Lakini kuna njia mbili za kutoza riba hiyo hiyo.

Njia ya kwanza: riba inatozwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho. Umekopa 12,000. Asilimia 15 ni 1,800. Unalipa jumla ya 13,800, yaani 1,150 kila mwezi kwa miezi 12. Hata mwezi wa mwisho, unapodaiwa 1,000 tu ya mkopo, bado unatozwa riba kana kwamba unashika zile 12,000 zote.

Njia ya pili: riba inatozwa juu ya deni lililobaki. Kila mwezi unarudisha 1,000 ya mkopo pamoja na riba. Mwezi wa kwanza unadaiwa 12,000, riba yake ni 150. Mwezi wa pili unadaiwa 11,000, riba ni 137.50. Inashuka hivyo mpaka mwezi wa 12, ambapo unadaiwa 1,000 na riba ni 12.50. Ukijumlisha riba zote za mwaka unapata 975.

Asilimia ni ile ile, 15. Kwa njia ya kwanza unalipa riba ya 1,800 na kwa njia ya pili 975. Tofauti ni shilingi 825 kwa mtu mmoja. Kwa kikundi cha watu 25 ni shilingi 20,625. Kampuni ile ilitumia njia ya kwanza. Hata kama ingetulipa sisi zile 7,500, ingebaki na 13,125 za nyongeza, na zote zingetoka mifukoni mwa kina mama ambao walituamini.

Tulimrudishia karatasi zake. Hatusemi hivi ili tusifiwe. Tunasema ili mjue kwamba jaribu hilo lipo, na kwamba mshauri anayewasukuma kwa nguvu mchukue mkopo wa mahali fulani anafaa kuulizwa swali moja mbele ya wote: "Wewe unapata nini hapo?" Mshauri mwaminifu hatakasirika.

KOSA LETU

Sasa tunafika kwenye lile swali la tatu: mkikosea, nani analipa?

Tulikuwa na kikundi cha kina mama 22. Kilikuwa kikundi kizuri, wenye bidii na wenye maombi. Katibu wao alikuwa ameacha shule darasa la tatu, na kuandika kulimpa taabu. Mkutano ulichelewa kwa sababu ya kuandika, na kina mama walitaka kwenda kuteka maji. Basi mshauri wetu, kwa moyo mwema kabisa, akasema, "Nipeni daftari, nitaandika mimi." Mwanzoni aliandika pale pale. Baadaye alianza kulibeba daftari, akaandika jioni nyumbani akikumbuka yaliyosemwa. Daftari likawa safi kuliko yote katika wilaya. Tulilionyesha kwa wageni. Tulijivuna nalo.

Hayo yaliendelea kwa karibu miaka miwili. Kisha mshauri yule akahamishwa, na daftari likarudi kwa kikundi. Hakuna aliyeweza kulisoma vizuri.

Siku ya mgao ilipofika, daftari lilisema sanduku liwe na shilingi 118,900. Sanduku lilipofunguliwa lilikuwa na 96,400. Wakahesabu tena. Ni 96,400. Zimepungua 22,500.

Mnajua kilichofuata. Daftari limeandikwa na mtu wa ofisi ya kanisa, mtu aliyesoma. Daftari haliwezi kukosea. Basi aliyekosea ni aliyelala na sanduku nyumbani. Mama mweka hazina aliitwa mwizi. Alisema hana funguo zote tatu, wakasema ameshirikiana na wenye funguo. Watoto wake walisemwa shuleni. Alikuwa na ng'ombe mmoja mtamba aliyemlea kwa ajili ya karo ya kidato cha kwanza. Akamuuza, akaleta pesa zile mbele ya kikundi, akaziweka mezani. Akasema, "Sijaiba, lakini sitaki watoto wangu waitwe watoto wa mwizi." Akaondoka. Wakagawana.

Sisi tulipata habari baada ya majuma matatu. Tulikwenda, tukakaa siku mbili na kila mwanachama mmoja mmoja, tukilinganisha daftari na kumbukumbu zao. Siku ya pili jioni tukaliona kosa. Mikopo ya watu watatu, 9,000 na 7,500 na 6,000, ilikuwa imeandikwa kwamba imelipwa. Jumlisheni wenyewe. Wale watatu hawakuwa wamelipa. Walikuwa wamesema mkutanoni, "Nitaleta wiki ijayo," na mshauri wetu, akiandika usiku kwa kukumbuka, aliandika wameleta. Wao hawakuweza kusoma daftari, na deni lisiloulizwa na mtu ni rahisi kusahauliwa.

Hakuna aliyeiba hata shilingi. Kosa lilikuwa letu, na aliyelipa ni mama mweka hazina.

Tuliomba msamaha mbele ya kikundi, na Jumapili iliyofuata mbele ya ushirika wote, kwa sababu jina lake lilikuwa limeharibiwa mbele ya wote. Wale watatu walilipa polepole, na kikundi kikamrudishia pesa zake zote. Lakini mtamba yule alikuwa ameshauzwa, na muhula ulikuwa umeshaanza. Kijana wake alikwenda shule amechelewa muhula mzima. Hilo hatuwezi kulirudisha.

Mama yule bado ni mwanachama. Alikataa kabisa kushika cheo tena. Huketi karibu na meza, na kila pesa zinapohesabiwa, naye huhesabu midomo ikitembea. Hatumwambii asifanye hivyo. Someni Mithali 18:17 mjadili: ni mara ngapi tumemhukumu mtu kwa kusikiliza upande mmoja tu, hata kama upande huo ni daftari?

Ndugu zetu, mshauri akikosea hahami na hasara. Huhama na mkoba wake. Hasara hubaki kijijini. Kwa hiyo funguo na daftari lazima vikae na yule atakayelipa makosa, na huyo ni nyinyi.

KIKUNDI KIMTUMIE MSHAURI NAMNA GANI?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mshauri naye apewe kazi, lakini asiachiwe shamba. Baada ya yaliyotupata tuliweka kanuni zifuatazo, na tunaomba kila kikundi kitushike kwazo.

1. Mshauri hagusi pesa. Hahesabu, habebi, hapeleki benki, wala hapokei kwa simu yake. Mtu akituma marejesho kwa M-Pesa, yaende kwa namba ambayo kikundi kimekubaliana, na ujumbe usomwe mkutanoni.

2. Mshauri haandiki daftari. Anaweza kukaa kando ya katibu na kumwongoza. Katibu akichelewa, mkutano usubiri. Ni afadhali kuchelewa kufika kisimani kuliko kuuza mtamba.

3. Kila kinachoandikwa kisomwe kwa sauti papo hapo. "Mama fulani amelipa 500, deni limebaki 2,000." Yeye mwenyewe aitikie "Ndiyo". Asipoitikia, isiandikwe.

4. Kabla ya kufunga sanduku, wote waseme kwa pamoja kiasi kilichomo. Mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza: "Tuliacha ngapi?" Wale kina mama wa Niger waliweza bila kalamu. Nasi tunaweza.

5. Mshauri aseme nani anamlipa, na kama anapata chochote mkichukua mkopo mahali.

6. Pasiwe na mkopo wa kutoka nje kabla ya kikundi kuzungusha pesa zake vizuri angalau mwaka mmoja. Mkiulizia mkopo, ulizeni pia riba inatozwa juu ya mkopo wote au juu ya deni lililobaki, na jumla yote mtakayolipa ni shilingi ngapi. Kuhusu mikopo ya simu, kumbukeni kwamba tangu kanuni za mwaka wa 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Asiye na leseni msimpe hata namba ya kitambulisho.

7. Mshauri awe na siku ya kuondoka. Mkubaliane tangu mwanzo: miezi ya kwanza atakuja kila mkutano, kisha mara moja kwa mwezi, kisha siku ya mgao tu, kisha akiitwa. Kikundi ambacho hakiwezi kukutana bila mshauri bado hakijawa kikundi.

Mtu atauliza, je, si bora basi tukae bila mshauri? Hapana. Mithali 15:22 inatuonyesha faida ya kuwa na washauri wengi. Ulizeni kwetu, ulizeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii, ulizeni kikundi jirani kilichotangulia. Na yule mtu wa Luka 14 aliyetaka kujenga mnara alitakiwa kuketi kwanza kuhesabu gharama. Aliyetakiwa kuketi na kuhesabu ni mwenye mnara mwenyewe, si fundi wake.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kikundi kimeuza hisa 4,000 mwaka mzima. Hisa moja ni shilingi 50. Siku ya mgao, baada ya mikopo yote kulipwa, sanduku lina shilingi 240,000, yaani akiba pamoja na riba na faini.

(a) Akiba ya wanachama bila faida ilikuwa shilingi ngapi?
(b) Hisa moja sasa ina thamani ya shilingi ngapi?
(c) Mama mwenye hisa 150 aliweka shilingi ngapi, na atapata ngapi?

Fanyeni wenyewe kwanza, kwa punje za mahindi ikibidi. Punje moja iwe hisa 10. Majibu: (a) 200,000. (b) 60. (c) Aliweka 7,500, atapata 9,000.

Kila mwanachama afanye hesabu ya hisa zake mwenyewe, si katibu peke yake. Anayejua chake ni ngapi kabla ya sanduku kufunguliwa hahitaji kumshuku mtu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani tumemwachia mtu wa nje ambayo tungeweza kufanya wenyewe?
2. Katibu wetu akiugua leo, ni nani mwingine anayeweza kusoma daftari? Kama hakuna, tutaanza kumfundisha nani, na lini?
3. Tumewahi kumshuku mtu kwa sababu ya hesabu isiyolingana? Tulichunguza vipi? Je, kuna mtu tunayehitaji kumwomba msamaha?
4. Mshauri akituambia tuchukue mkopo, tutamwuliza maswali gani matatu?
5. Kati ya kanuni saba hapo juu, ipi ni ngumu kwetu, na kwa nini?

Andikeni makubaliano yenu kwenye daftari, na wote mtie sahihi au kidole.

KUMALIZIA

Yule mama mzee aliyetuuliza maswali tulimrudia katika mkutano uliofuata, tukamweleza habari ya mtamba. Alinyamaza kitambo, kisha akamgeukia katibu wao, msichana mdogo, akamwambia, "Mwanangu, hilo daftari lisitoke hapa. Hata pasta akiliomba." Tuliandika neno lake, na tumelichukua kuwa neno letu.

Tutakuja tukiitwa, na tutafurahi nanyi siku ya mgao. Lakini siku mtakapogawana bila sisi kuwepo, na hesabu zikatimia, na mtu mmoja akatupigia simu jioni kutuambia tu kwamba mambo yalikwenda vizuri, siku hiyo ndiyo tutajua kwamba kazi yetu kwenu imekwisha. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.